Jacktone na Kaburi la Kukodi

Kwa miaka kumi na mmoja, ni wachache waliokunywa chai ya asubuhi Migori bila Jacktone Ogola. Saa kumi na mbili alikuwa redioni akiigiza chifu mwenye usingizi, mke mwenza mwenye wivu, na mama wa omena, muuza dagaa wa ziwani kutoka kisiwa cha Remba, anayegombana na wateja. Watu walicheka mpaka uji ukawapalia. Halafu mwenye stesheni akaleta kijana wa vichekesho vya simu, akamwambia Jacktone amechuja. Amechuja! Mtu aliyeamsha kaunti nzima miaka yote hiyo. Lakini ndivyo walivyo wenye mali: muwa wakishautafuna, makapi wanayatema mbele yako.

Akaingia kwenye filamu, na huko nako dharau ikamtangulia. Walimpa soja wa getini, walimpa mlevi, na kila mara mwongozaji alimwambia, "Mzee, ongeza Ujaluo kidogo." Aongeze? Kwani Ujaluo ni chumvi? Alimeza hasira miaka minne, mpaka Bravin, mwongozaji kijana kutoka Nairobi, alipompa alichokuwa akikiota: mhusika mkuu, baba anayekufa akiwa amekosana na wanawe. Safari hii watu wangemlilia badala ya kumcheka, na jina lake lingetangulia mengine yote.

Walikwenda kurekodi Ndhiwa, katika boma la Zilpah, mjane aliyewakodisha uwanja wake kwa siku moja. Wakachimba kaburi kando ya nyumba yake. Zilpah alikuwa amekubali kwa sharti moja tu: kabla jua halijatua, lifukiwe likiwa na shina la mgomba ndani. Kaburi likishachimbwa bomani halilali wazi, wala halifukiwi tupu, kwa maana litaita mtu wa boma hilo hilo. Bravin alimjibu, "Sawa mama, usijali," macho yake yakiwa kwenye simu.

Saa tisa mvua ikanyesha. Ilipokatika, mwanga ulikuwa umeharibika na mazishi yenyewe hayajarekodiwa. Bravin akasema wataendelea kesho, akaagiza kaburi lifunikwe kwa turubai.

Zilpah akamfuata pale pale. "Nyathina, mwanangu, si tulipatana?"

"Mama, hiyo ni shimo tu. Ni ya kuigiza."

"Wewe ndiye unaigiza. Mimi nalala hapa na wajukuu wangu."

Bravin akacheka. Akamwashiria mpiga picha amrekodi mama huyo, kisha akamgeukia Jacktone. "Mzee, hebu mjibu na ile sauti yako ya mama wa omena. Hii itachekesha watu sana."

Damu ikampanda Jacktone. Zilpah alikuwa amesimama mbele ya kamera, leso ameishika kwa mikono miwili, mama mtu mzima anayebembeleza katika boma lake mwenyewe. Jacktone aliona haya kwa asubuhi zote alizowachekesha watu kwa migongo ya wanawake kama huyu. Kisha hasira ikaifunika ile haya. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Hawa walikuja na kumwachia mwenyeji kaburi. Akavua koti la uigizaji, akachukua panga, akaenda nyuma ya jikoni kukata mgomba.

"Ukifukia hilo shimo, hauna hiyo nafasi tena," Bravin akasema.

"Nimesikia."

"Utacheza soja mpaka uzeeke."

"Nimeshazeeka. Sogea nipite."

Akalitumbukiza shina kaburini, akaanza kuvuta udongo kwa jembe. Ulikuwa mzito kwa mvua, unashika kama ugali mbichi. Bravin hakupoteza dakika. Aliokota koti, akampa Elkana, mwigizaji wa Uriri aliyecheza ndugu wa marehemu, akamwambia kesho watatafuta boma lingine. Elkana naye alilelewa kwa mila hizo hizo. Alilitazama kaburi, akalitazama koti, akalivaa. Hakumwangalia Jacktone usoni. Wakapakia vyombo vyao garini, wakaondoka.

Zilpah akasogea karibu na shimo. "Umepoteza kazi kwa sababu yangu, wuod mama, ndugu yangu."

"Si kwa sababu yako," Jacktone akasema, bila kuinua kichwa. "Leta jembe lingine. Bado halijajaa, na jua linaenda."