Mteremko Uliokuwa Ukikata Simu

Kazi yangu ni kuzuia simu zisikatike watu wakiwa safarini, na kwa muda mrefu aliyefaidika zaidi zikikatika nilikuwa mimi.

Mama yangu anaishi Endarasha. Kwetu simu ya mzazi haiishi bila sala, na sala ya mama haina haraka: huanza na mvua, ikapitia ng'ombe na majirani wote, ndipo inifikie mimi. Tena mambo anayoona haya kumwomba mtoto, mzazi humwambia Mungu, mtoto akisikia. Basi nilikuwa nampigia kwa intaneti nikitoka kazini Ruring'u kwa gari, nikijua kuna mteremko ambapo simu huacha mnara mmoja wa mtandao na kushika mwingine, na hapo hukatika. Baadaye nikimwambia, "Mum, ni network," hakunilaumu hata siku moja. Niliona aibu, lakini si ya kuninyima usingizi.

Kisha wateja wakalalamika, nikatumwa kurekebisha mteremko huohuo. Simu ilipohama, vipande vya sauti vilivyokuwa njiani vilibaki kwenye mnara wa zamani, vikatupwa. Mtambo unaotuma, ukikosa jibu, ulidhani njia imejaa, ukapunguza kasi hadi mazungumzo yakafa. Nikaupanga mnara wa zamani uvishike vipande hivyo na kuvipitisha kwa ule mpya.

Nikarudi barabarani kujaribu, nikampigia mama, maana ndiye niliyemzoea. Mteremkoni simu ilihama bila hata kukwaruza. Nilikuwa nimeanza kujipongeza alipofika mwisho wa sala, mahali ambapo sikuwahi kufika.

"Na Ngai, Mungu wangu, huyu mtoto yangu ako na kazi mingi. Lakini hii jicho ya kushoto imezima, na hiyo ingine imeanza. Mfungulie roho anipeleke hosi kwa daktari ya macho."

Akasema amina, akangoja. Nikasimamisha gari kando ya barabara.

"Uko hapo?" akauliza. "Ameenda tena. Haya Ngai, tumebaki sisi wawili."

Hakukata simu, nadhani hakuona pa kubonyeza. Niliachana na vipimo nikaelekea Endarasha, nikimsikia akipapasa vyombo jikoni. Nilijichukia. Njia nzima ilikuwa wazi, na sikupata mdomo wa kumwambia nipo.