Jiko Lisilo na Masizi

Karatasi ya kuuza nyumba yetu ya zamani ya mji wa Ibra ilikuwa imeshatiwa saini na warithi wote wa marehemu baba isipokuwa mimi. Hata mama alitia, lakini niliamini ndugu zangu walimshurutisha. Kaka alinitumia karatasi hiyo kwa simu tukiwa uwanja wa ndege, mimi na mama, tunakwenda Ufaransa. Nikamjibu kama siku zote: mama hatastahamili nyumba ile igeuzwe hoteli ya watalii.

Lyon nilipiga picha kila kitu: ngazi za mawe, ujia uliopita ndani ya nyumba na kutokea mtaa wa pili. Nikazikumbuka nyumba za udongo za mji wa Al Hamra kwetu zinazobomoka, nikawahusudu watu hawa wa Lyon. Mama alipenda maduka zaidi. Alinunua sufuria ya chuma, nzito ajabu, akanibebesha mimi. Mkahawani akaagiza samaki, akaniuliza mara tatu kama mchuzi una mvinyo. Mhudumu alisema hauna. Sikumwamini, nikala mkate.

Siku ya mwisho tuliingia nyumba ya zamani ya wafuma hariri, sasa ni makumbusho. Jikoni walizungusha kamba. Mama akapenyeza mkono, akapitisha kidole chini ya chungu. Mlinzi akatupigia kelele.

"Mama! Toa mkono, tutafukuzwa."

"Jiko gani hili halina masizi?" Akanionyesha kidole cheupe. "Anapika nani hapa, malaika?"

Nikaona nimepata pa kuanzia. "Na ya Ibra wataifanya hivi hivi. Ndiyo maana sitii saini. Kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu?" Akacheka, kisha akaacha ghafla. "Mimi nimeingia mle bibi harusi kutoka Unguja, Kiarabu sikijui. Mawifi zangu wakinituma kitu, naleta kingine, wanacheka mpaka wanakaa chini. Miaka saba nimekula moshi wa jiko lile. Wewe umelala mle mara ngapi?"

Hata mara moja. Tulikuwa tukienda sikukuu, tunapiga picha mlangoni, tunarudi zetu nyumbani Nizwa.

"Lakini mama, hujawahi kusema."

"Umewahi kuniuliza? Unauliza dunia nzima, mimi hukuniuliza. Basi usinisingizie, mwanangu. Kama unaitaka nyumba, sema unaitaka wewe."

Tulikaa kwenye benchi nje. Kaka akapiga simu.

"Haya, mama anasemaje leo?"

"Mama hana neno. Mimi ndiye nisiyetaka."

"Kwa nini?"

Sufuria ilikuwa imenielemea mapajani. Kila jibu lililonijia, angelitoa mtu mwingine, ningelicheka. Nyumba nzuri. Historia yetu. Yetu sisi nani? Mama alikuwa ametazama pembeni, anafuta kidole kisichokuwa na kitu.

"Uko?" kaka akauliza.

"Niko. Nitumie tena hiyo karatasi."