Dobi Anayenusa Kabla ya Kufua

Kabla hajagusa maji, Mzee Povu ananusa.

Asubuhi hii anatoa sweta ya njano kwenye mfuko wa karatasi, anaikunjua juu ya meza ya mbao iliyopauka kwa sabuni, kisha anainama mpaka pua inakaribia kugusa sufu. Ananusa shingo, kwapa, mikono yote miwili. Halafu anairudisha mfukoni, kavu kama alivyoitoa.

"Mafuta ya ndege, moshi na tope," anasema. "Vyote vinatoka. Ila sijaruhusiwa kuvitoa."

Jina la Mzee Povu alipewa na majirani kwa sababu ya mabeseni yake, wala si kwa ulimi. Ni mtu mpole, hatokwi povu hata ukimchokoza. Ukisikia kelele hapa, ujue ni mkewe, anayepiga pasi chumba cha nyuma na kuuendesha mtaa mzima kutokea dirishani.

Dobi huyu wa miaka sitini na moja amefua mashuka ya nyumba za wageni na sare za wanafunzi tangu ujana wake. Mwaka jana kazi ikageuka. Ndege ya abiria iliyokuwa ikipita juu ya nchi yenye vita ilitunguliwa kwa kombora, na wote waliokuwemo wakafa, wengi wao wakazi wa mji huu. Pande mbili zinazopigana huko zinanyoosheana vidole mpaka leo.

Mizigo ilitawanyika mashambani. Wakulima wa huko waliiokota kidogo kidogo, ikakaa miezi ikingoja mapigano yatulie. Ilipofika hatimaye, kampuni ya ndege ilikodi ghala linalopakana na uwanja wa dobi huyu, ikamwomba azisafishe nguo kabla familia hazijaja kuzichukua.

"Nilikubali haraka haraka," anasema. "Nikajiambia, nguo ni nguo. Kumbe sikujua ninachokubali."

Karibu nusu ya wateja wake walihama. Alinunua mabeseni mengine akayatenga, lakini haikusaidia, watu hawakutaka mashuka yao yaanikwe uwanja mmoja na nguo za marehemu. Wengi hawakusema kitu, walianza tu kupita upande wa pili wa barabara.

Mkewe hakuwavumilia. "Yule wa nyumba ya kona alikuwa anapita ameinamisha kichwa kama ameangusha sindano," anasimulia huku akicheka. "Nikamwita dirishani: shemeji, siku hizi mashuka yako yanajifua yenyewe?"

Shemeji alirudi na mashuka yake wiki hiyohiyo.

Lakini jambo lililombadilisha Mzee Povu halikuwa wateja. Lilikuwa shati jeupe la mwalimu mmoja, lenye doa kubwa la wino kwenye mfuko wa kifuani. Kwa dobi, doa la wino ni uchokozi. Alilishughulikia asubuhi nzima kwa spiriti na pamba, likaisha kabisa, akauita mtaa mzima uje kuona. Alijivuna, anakiri mkewe, kama bwana harusi.

Mjane alipokuja, aliangalia mfuko ule, akaligeuza shati ndani nje, akaangalia tena.

"Akaniuliza, 'Fundi, wino uko wapi?'" anakumbuka Mzee Povu. "Mumewe alikuwa hafuniki kalamu. Waligombana juu ya hilo doa tangu wakiwa wachumba. Basi alishukuru vizuri tu, akalichukua shati lake, akaenda. Angenitukana ningepata nafuu."

Siku hiyo hakula. Tangu hapo, kila familia ikifika anawaketisha kwenye benchi na kuwauliza swali moja kabla ya beseni lolote kujazwa: "Nini nisikitoe?"

Majibu yamemshangaza. Yupo aliyetaka rangi ya midomo ibaki kwenye leso. Yupo baba aliyeomba goti la suruali ya mwanawe libaki na doa lake la majani ya uwanja wa mpira. Wapo pia wanaotaka nguo zisiguswe kabisa, na hao huwapa jinsi zilivyo, zimekunjwa vizuri.

Sweta ya njano ndiyo iliyomshinda. Ilikuwa ya msichana aliyekuwa akienda kuanza masomo ya uuguzi, na katika mizigo yake yote ndicho kitu pekee kilichopatikana. Baba anataka ifuliwe. Mama hataki iguswe maji. Wamekwisha kuja na kuondoka bila kupatana, na siku hizi, majirani zao wanasema, wanaongea kupitia shangazi wa marehemu. Ghala linafungwa mwisho wa wiki hii. Kisichochukuliwa kitazikwa pamoja na vile visivyo na mwenyewe.

Leo wamekuja tena. Wanakaa kwenye benchi lilelile, pengo la mtu mmoja kati yao.

"Ifueni," anaanza baba. "Inanuka mafuta. Mwanangu hakuwa ananuka mafuta."

"Ikiingia majini mimi nimebaki na nini?" mama anamuuliza Mzee Povu, si mumewe. "Fundi, nyie mmemaliza kufua kila kitu. Niachieni harufu ya mtoto wangu."

Mzee Povu anainuka. Kisha anauleta mfuko na kuuweka mapajani mwa mama.

"Dada yangu, umeshainusa?"

Mama anatikisa kichwa. Siku zote aliushika mfuko umefungwa, akaukumbatia, akaurudisha. Aliogopa kuufungua harufu isije ikatoroka.

"Inuse kwanza. Halafu utakalosema ndilo nitakalolifanya."

Anaufungua taratibu. Anazamisha uso kwenye sweta, anavuta pumzi, anahama kutoka shingo hadi mkono, kutoka mkono hadi pindo. Mkewe Mzee Povu amesimama mlangoni na pasi mkononi.

"Simsikii," mama anasema. Anainua uso. "Simsikii mwanangu humu. Ni moshi tu."

Analia. Mumewe anasogea, lile pengo la benchi linaisha.

Kilio kinapotulia, Mzee Povu anauliza walichokuwa wakifulia nyumbani. Sabuni ya kipande, mama anajibu, ile ya dukani, ya kawaida. Tena binti alikuwa mvivu wa kusuuza. Anachovya mara moja, anakamua, anaanika. Nguo zake zilikauka ngumu, zinanukia sabuni mtu akipita tu.

"Nilimgombeza mpaka nikachoka," anasema, na kicheko kidogo kinamponyoka katikati ya machozi.

Baba ameshasimama kwenda dukani. Anaporudi na sabuni, Mzee Povu anamuuliza swali lake la siku zote, nini kisitoke. Baba huyo, aliyetaka kila kitu kifuliwe, anaonyesha doa la kahawia kwenye mkono wa kushoto.

"Hilo langu. Nilimmwagia chai asubuhi ya safari. Akasema, acha baba, nitaifua nikifika."

Mzee Povu anafunga uzi mweupe kuzunguka doa ili lisiguswe. Anajaza beseni, anakunja mikono ya shati, kisha anabadili mawazo na kumsogezea mama kigoda.

"Kaa wewe. Mimi nitashika maji."

Mama anafua polepole. Maji yanakuwa meusi, yanamwagwa, yanajazwa mengine, mpaka yanatoka na weupe wa sabuni tu. Anaichovya sweta kwenye maji safi mara moja, anaikamua, anainuka.

"Dada, sabuni bado imo," Mzee Povu anajikuta akisema. Ni mazoea ya maisha yote.

"Najua," anajibu mama. "Iache hivyohivyo."

Wakati sweta inakauka kivulini, dobi anazungumzia wiki ijayo. Ghala likifungwa atapaka ukuta chokaa, atawapelekea wateja wa zamani salamu nyumba kwa nyumba, na mkewe ameahidi kupunguza kejeli. "Nataka kurudi kugombana na watu juu ya doa la mchuzi," anasema. "Na ndege zipite huko juu, zifike ziendako. Mimi nifue nguo ambazo mwenyewe atakuja kuzivaa."

Jua linaposogea, mama anaiondoa sweta kambani. Imekauka ngumu, na mkono wa kushoto una doa lake. Anainusa, anafumba macho, kisha anampa mumewe.

Baba anaishika kwa mikono miwili, ananusa kwa muda mrefu.

"Huyu mtoto hasuuzi nguo," anasema.

"Mwambie wewe," mkewe anajibu. "Mimi hanisikii."