Mfupa wa Ng'ombe Ndani ya Mguu Wangu

Niseme mapema: mguu huu haukuharibiwa na mkokoteni. Mkokoteni uliuvunja tu. Aliyeuharibu ni mimi, pamoja na wale waliokula kuku nami.

Tulikuwa tunapeleka pamba kuuza. Njia yetu ya Nkololo inavuka korongo, na pale maksai wangu wakashtuka, gurudumu likapanda ukingo, mkokoteni ukanilalia. Muundi wa kulia ukakatika. Hospitali wakanifunga hogo, ile plasta nyeupe ngumu, toka pajani hadi vidoleni. Mhudumu akasema, "Usikanyage, rudi baada ya wiki sita," akaita mgonjwa mwingine. Hakuna aliyenieleza kinachofanyika ndani ya mguu. Na mimi sikuuliza. Nilianza maisha kwa kulima mashamba ya watu kwa jembe la mkono, shule nikaiacha darasa la tatu, ng'ombe nikawapata mwenyewe na nyumba ya bati nikaijenga mwenyewe. Sikuzoea kuuliza vitu mbele ya watoto waliovaa makoti meupe. Kiburi hicho ndicho kilichoniumiza.

Wiki ya tatu hogo likaanza kuwasha. Wazee wenzangu wakaja, wakakaa, wakasema hospitali wanajua kufunga tu, mifupa hawaijui. Wakaniletea mganga wa kuunga mifupa. Akalipasua hogo kwa kisu cha kuchunia, akanikanda mafuta, akanifunga vijiti. Halafu akafanya kama alivyofanyiwa hata baba yangu: akashika kuku, akamvunja mguu, akamfunga vijiti kama vyangu. Siku kuku akitembea, na mimi nitatembea.

Kuku akatembea. Tukamchinja. Mganga akala, wazee wakala, mimi nikapewa ule mguu wenyewe. Nikautafuna hadi kwenye mfupa, nikakuta pale ulipovunjika pameota kifundo kigumu kama jiwe. Nikamwonyesha mke wangu.

"Unaona? Na wangu uko hivi hivi."

"Kwani wewe ni kuku?"

Nikamwambia anyamaze. Nikasimama, nikaelekea zizini bila fimbo. Kabla sijafika langoni mguu ukajikunja mahali pasipo na goti.

Safari hii hospitali nilimkuta daktari wa mifupa, kijana aliyehamishiwa huku kutoka mkoa wa mbali. Akaishika picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama muda mrefu.

"Shikamoo mzee. Hogo alilifungua nani?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kuku alitembea."

Hakucheka, na hapo ndipo hasira iliponipanda. Angecheka ningemtukana, mambo yakaisha. Yeye akavuta kiti. Akasema mfupa wa kuku unashika upesi kwa sababu una kazi ya kubeba kuku. Wangu unabeba mtu mzima na gunia juu yake, unataka miezi. Sasa ncha zote mbili zimekufa. Lazima azikate, na zikikatwa patabaki pengo la upana wa kidole.

"Pengo hilo tusipolijaza, mfupa hauungi. Na ukiendelea kukanyaga hivi, mzee wangu, tutakuja kuongea habari ya kuutoa mguu."

"Mnajaza na nini?"

Akasema atachota mfupa wangu mwenyewe nyongani, lakini hautatosha, kwa hiyo atauchanganya na punje zinazotengenezwa kwa mfupa wa ng'ombe. Akanionyesha kichupa chenye punje nyeupe kama chenga za mchele. Akasema zimetoka ng'ambo.

"Ng'ombe wa nani?" nikamuuliza.

"Sijui, mzee."

"Nina ng'ombe zizini, machinjioni mifupa inatupwa hadi mbwa wanaikataa, halafu nitiwe ng'ombe wa mtu nisiyemjua? Huyo alikufa mzima au mgonjwa?"

Mke wangu alikuwa pembeni anatafuna michembe ya viazi. "Baba watoto, ng'ombe hakuoi. Anakaa mguuni tu."

Daktari akasema mfupa huo umechomwa mpaka nyama, mafuta na ugonjwa vimeisha, imebaki chokaa yake na vitundu vyake. Vitundu hivyo nikavijua. Nimechinja ng'ombe wengi. Ukipasua mfupa karibu na kiungo, ndani kuna vijumba kama sega la nyuki. Nikamwambia. Akasema ndiyo hivyo hivyo: mfupa wangu utaingia kwenye vijumba vile kidogo kidogo, utambae toka upande huu hadi upande wa pili. Nikikanyaga mapema, ninauvunja ungali unatambaa.

Nikamkemea mbele ya wagonjwa wote. Maneno hayo ni machache, hata mimi wa darasa la tatu nimeyaelewa. Kwa nini sikuambiwa siku ya kwanza? Ningekaa, hata hogo liwashe kama upupu.

"Una haki, mzee," akasema. Haki ya nini, na mguu umeshaoza ncha?

Hata hivyo nikakubali, wakanichoma sindano ya mgongo. Chini sikusikia maumivu, lakini nyundo niliisikia ikigonga nyonga yangu kama ya seremala. Wakajaza, wakabana kwa bamba la chuma na skrubu.

Nyumbani nikakaa na magongo, mvua ikanyesha, watu wengine wakanilimia shamba langu vibaya huku natazama. Yule mganga naye akaja, akanisalimu kwa Kisukuma, mwanamume kwa mwanamume, mbele za watu.

"Mwangaluka, ngosha. Nasikia umetiwa ng'ombe. Tukuletee majani?"

Wakacheka, wale wale wazee. Nikamwambia aendelee kucheka akiwa nje ya boma langu, na aondoke na wenzake, kwa sababu wao wana miguu miwili. Wakaondoka. Wawili kati yao hatujasalimiana hadi leo, na siwatafuti.

Picha ya mwisho daktari akaiweka dirishani, akapitisha kidole pale palipokuwa na pengo. Pameziba.

"Kanyaga, mzee."

Nikaegemeza magongo ukutani. Nikakanyaga. Pakauma, pasijikunje. Lakini mwili ukalala upande: mguu ule umepungua, kwa vile ncha zilizokufa zilikuwa ndefu kuliko pengo alilothubutu kulijaza. Ufupi huo hautarudi.

Nikatoka mwenyewe hadi kwa fundi viatu pale stendi ya Bariadi, nikamvulia katambuga, viatu vyangu vya tairi, nikamwambia aongeze soli mbili za tairi.

"Katambuga zote?"

"Ya kulia."

"Kulikoni, mzee?"

"Shona," nikamwambia.