Chupa Kumi na Tatu za Bi Biasha

Saa kumi na mbili asubuhi, Kinjumbi. Biasha Abilahi anashusha kopo kisimani, analivuta kwa kamba, anasema bismillahi, anaonja. Maji anayazungusha mdomoni kama anayesukutua, kisha anayatema pembeni.

"Matamu," anasema, na kuandika kwenye daftari.

"Bi Biasha, unaonja maji kama mchuzi wa harusi!" anamtania jirani yake Batuli, aliyefika na ndoo mbili.

"Cheka tu, shoga. Wakikifukia hiki, utakwenda kuchekea kisima cha shamba, na ndoo kichwani."

Kisima cha shamba ni mwendo wa saa moja na nusu. Kurudi ni zaidi, maana kuna mzigo.

Biasha, 53, ana mwaka wa kumi na moja akiangalia kisima hiki kilicho jirani na mikoko. Kamati ya maji humpa shilingi elfu thelathini kwa mwezi, "mwezi pesa zikiwapo," anavyosema mwenyewe. Kazi yake ni kufagia, kufunga mfuniko na kutuliza ugomvi wa foleni. Kuonja hakuna aliyemtuma.

Mwezi Mei, mradi uliochimba kisima uliandika barua: kifungwe kwa zege, chumvi imezidi. Fundi wao, Valerian, alikuwa akija kupima kila baada ya wiki mbili, Jumanne, saa nne asubuhi. Januari kipimo chake cha chumvi kilisoma 700. Kila alipokuja, namba ilikuwa imepanda kidogo, hadi Mei ikafika 2,600. Ukizichora, zinapanda kama mlima. Ofisini wakasema bahari imeshaingia chini ya ardhi, haitatoka tena.

Biasha hakukubali, na sababu yake ni ugomvi wa foleni. Batuli huchota alfajiri, mwenzake Restuta huchota mchana.

"Wiki hii Batuli anasifu maji, Restuta analalamika. Wiki inayofuata, Restuta anasifu, Batuli analalamika. Wanaitana waongo. Nikaanza kuonja mwenyewe, asubuhi, mchana, jioni. Wallahi wote walikuwa wakweli. Bahari ikijaa, chumvi inakuja. Ikipwa, inaondoka."

Alimweleza Valerian.

"Mama, karatasi haidanganyi," fundi akajibu.

"Mwanangu, karatasi yako haijawahi kuja hapa adhuhuri."

Jumanne iliyofuata, Valerian alikuta chupa za soda kumi na tatu zimepangwa ukingoni. Kila moja ilikuwa na kipande cha karatasi chenye saa yake. Biasha alikuwa amezijaza jana yake, moja kila saa, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni.

"Pima," akamwambia.

Chupa ya kwanza ilisoma 1,800. Ya saa tatu, 2,600. Kisha namba zikaanza kushuka, na ya saa tisa alasiri ikasoma 700, ileile ya Januari. Jioni zilikuwa zinapanda tena. Mlima wa miezi minne ulikuwa umepandwa na kushukwa ndani ya siku moja.

Valerian hakuondoka. Alilala kijijini, na kesho yake akajaza chupa zake mwenyewe. Akapata mlima uleule, umechelewa kama saa moja na dakika arobaini kuliko wa juzi yake, maana bahari huchelewa kama dakika hamsini kila siku.

"Chuoni tulifundishwa jambo hili kwa mawimbi ya sauti," anasema. "Kitu kinachopanda na kushuka, lazima ukipime zaidi ya mara mbili katika kila mzunguko wake. Ukikipima kwa nadra, namba zitakuchorea wimbi jingine, refu, la polepole, ambalo halipo. Nilifaulu ule mtihani. Sikuwaza kisima."

Anaonyesha kosa lilivyojificha. Kuchelewa huko kwa wiki mbili hukaribia mzunguko mzima wa kujaa na kupwa, hivyo akirudi saa ileile, bahari huwa imemtangulia kama dakika arobaini tu. Januari saa nne ilimkuta maji yamepwa. Taratibu, ziara kwa ziara, hadi Mei saa nne hiyohiyo ikamkuta yamejaa. Na fomu yake ilikuwa na nafasi ya tarehe. Ya saa haikuwapo.

Mradi umesimamisha zege kwa siku thelathini. Biasha anatakiwa apime kila saa ya mchana, kwa kipimo alichoachiwa, bila kuruka. Leo ni siku ya kumi na moja.

"Nikikosa saa moja watasema nimeficha," anasema. "Wanawake wa hapa wananitazama mimi."

Inshallah siku zikitimia, ataomba tangi moja kubwa. Maji yapandishwe yakiwa matamu, chumvi ikija mfuniko ufungwe, na kibao cha saa za maji matamu kibadilishwe kila asubuhi. "Kisima si kibovu. Kinataka mtu anayejua saa yake."

Adhana ya adhuhuri inasikika. Kopo, kipimo na daftari anamwachia Batuli, ambaye tangu asubuhi hajaacha utani. Batuli anaonja, anakunja uso.

"Mh! Chumvi hii."

"Andika," anasema Biasha, ameshaelekea msikitini. "Na saa usiisahau."