Gia za Baba Zilipogeuka

Enzi za injini ya zamani ya pikipiki yetu, Baba akirudi nyumbani nilimsikia akiwa bado mbali kabisa. Nilipata muda wa kuzima filamu kwenye simu ya Mama, kufungua daftari la hesabu, kuweka sura ya mtu anayeteswa na masomo, na kupiga mwayo juu yake. Jirani yetu naye alipata muda wa kuanua nguo, kwa sababu nyuma ya ule mlio kulikuja moshi. Ilikuwa injini ya zile zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili, na ilitoa moshi kama watu wanaochoma matofali. Shuleni kwetu Rubondo, ndani ya kambi, waliiita kiwanda. Mimi mwenyewe ndiye niliyeanzisha hilo jina, ila Baba hajui.

Pikipiki yenyewe aliinunua kwa mzee mmoja aliyepata bahati ya kupanda ndege kwenda kuishi Ulaya. Ilikuwa imechakaa, lakini Baba aliichagua kwa sababu ilikuwa ya aina ileile aliyojifunzia kwao Kivu ya Kusini, ujanani, alipokuwa akiwabebea wachungaji wa kanisa mizigo milimani. Hapa kwenye kambi ya wakimbizi aliitumia kubeba maharage yetu na ya majirani, siku za soko, mpaka mjini Kaberebere. Kazi ndiyo hiyo. Wanaume wengine wa rika lake wanakaa mbele ya nyumba kuangalia nani anapita na nani kavaa nini. Baba alikuwa anawapita akiwapigia honi, na nadhani ile honi ndiyo aliyoipenda kuliko hata maharage.

Mwaka huu injini ikafa. Vipuri vyake havipatikani tena. Fundi wa Mbarara, Mnyankore wa hukohuko mwenye Kiswahili cha kijeshi, alituambia bila kutupaka mafuta.

"Mzee, hii ilikufa. Lakini mimi iko na ingine, ya boda, mpya kidogo. Tunakata hapa, tunachomea hapa, inaingia."

Aliiweka. Alikata vishikio vya chuma vya zamani, akachomelea vipya, akasogeza mnyororo ukae sawa. Na kwa kuwa pa kuwekea mguu palikuwa mbali na injini mpya, alitengeneza fimbo ndefu ya chuma ya kuunganisha kikanyagio cha gia na injini. Baba alisimama pale siku nzima akishika kofia kama mtu anayesubiri mgonjwa atoke chumba cha upasuaji. Ilipowashwa, akainamisha sikio.

"Iko inatumika ao iko inalala?" akaniuliza.

"Inasali, Papa."

"Basi tusiisumbue," akasema, tukapanda.

Sasa hapa lazima nieleze jambo la gia, na ninaomba wasichana wenzangu wasikimbie. Kwenye pikipiki za aina ile ya zamani, gia zote unazipandisha kwa kuinua vidole vya mguu wa kushoto. Kwenye injini za boda ni kinyume: zote unakanyaga chini, ukiinua ndiyo unapunguza. Fundi hakusema, maana kwake hakuna mtu duniani asiyejua. Baba hakuuliza, maana kwake hakuna namna nyingine.

Barabarani tulifika mbali kwa kurukaruka. Kila Baba alipotaka kuongeza gia, alipunguza, injini ikapiga kelele na kofia yangu ikagonga ya kwake. "Samahani," akasema, kama vile ni kofia zetu tu zilizokosea. Tulipofika kwenye mlima kabla ya Kaberebere akataka kupunguza gia, akakanyaga, akaongeza. Injini ikakohoa, ikazima. Tukarudi nyuma taratibu, kwa heshima, mpaka ndani ya shamba la ndizi. Ng'ombe wenye pembe ndefu waliacha kula wakatuangalia. Dumu la mafuta ya kupikia ambalo Mama alituagiza likapasuka, na Baba akalala kando yake na goti lililochunika.

Nyumbani nilisimulia kwa kuigiza, hata ng'ombe nikawaigiza. Mama hakucheka. Alimsafisha Baba goti, akasema kwa sauti ya kawaida, ile inayotisha kuliko ya kupiga kelele:

"Baba watoto, ukianguka tena, hiyo pikipiki inaenda kwa ndugu yangu. Yeye ni kijana, anafanya boda, hizo gia anazijua. Wewe utakaa."

Hakusema atakaa wapi. Sote tulijua ni mbele ya nyumba.

Jumapili baada ya ibada tulienda uwanja wa shule, mimi nikiwa mwalimu. Nilikuwa nimejifunza kwenye boda ya mjomba kwa njia ambazo Mama hahitaji kuzisoma hapa, kwa hiyo gia za kukanyaga nilizijua vizuri. Wanafunzi wenzangu walikaa ukingoni kama wako kwenye sinema. Nilikaa nyuma yake nikitangaza: "Kanyaga. Kanyaga. Papa, kanyaga, si kuinua. Umeinua. Wapenzi watazamaji, ameinua." Wakacheka, nami nikapenda kuchekewa. Kila tulipozunguka, Baba alianza vizuri, kisha akikaribia kona na akili ikaenda kwenye kona, mguu ukarudi wenyewe kwao.

Mwishowe akazima, akabaki ameshika usukani.

"Unajua," akasema, "kule kwetu banapitaka kuume. Hapa banapita kushoto. Wakati nilifika hapa, hata kwa miguu nilikuwa naangalia upande mubaya, karibu gari inibebe. Nikabadilisha. Kifaransa nikaweka kando, nikajifunza kusema na polisi ya hapa. Nikajifunza kula posho, ile bugali ya hapa. Nikajifunza kungojea kwenye mustari. Byote nilibadilisha, na sikusema kitu. Sasa na muguu?"

Mimi huwa sikosi la kujibu. Mwalimu wa Kiingereza aliwahi kunitoa nje kwa sababu hiyo. Lakini siku ile nilipiga hesabu kwanza. Nilikuja hapa nikiwa mgongoni mwa Mama. Kivu sikumbuki hata harufu yake. Kuume na kushoto, mimi nilikuta vimepangwa tayari. Nilikuwa nimemcheka mtu kwa sababu mguu wake unakumbuka njia ambazo mimi sijawahi kuziona.

Nikashuka, nikaangalia ile fimbo ya chuma ya fundi. Upande wa injini iliunganishwa na kipande kifupi kilichotazama juu. Nikakibonyeza kikanyagio kwa mkono, nikaona fimbo ikisukuma. Nikajiuliza: kipande kikitazama chini, si msukumo uleule utaizungusha gia kinyume? Usinisifu. Tulikuwa tumetoka kupata sifuri somo la fizikia kuhusu wenzo, ule mtaimbo wa kuinulia mizigo, ndiyo maana lilikuwa bado linaniuma. Baba akapiga simu Mbarara.

"Eee, inawezekana," fundi akasema, akicheka. "Geuza tu ile chuma. Lakini mzee, hakuna mtu ingine ataendesha hiyo pikipiki."

Baba akapangusa kiti cha pikipiki kwa kiganja. "Ni sawa," akasema. "Ni yangu."

Mchomeleaji wa Rubondo, yule anayetengeneza madirisha ya makanisa, alilegeza nati moja, akakigeuza kipande, akakaza. Soda yake haikuwa hata imefika nusu. Baba akazunguka uwanja. Akaondoka na gia ya kwanza, akainua, akainua, kona ikaja, ikapita. Alikuwa na mgongo ulionyooka ambao sikuwa nimeuona tangu tutoke Mbarara. Ukingoni hakuna aliyecheka, na wachache wakaondoka, maana sinema ilikuwa imeharibika.

Mama hakushawishika na uwanja. Siku ya soko akafunga gunia la maharage mwenyewe, akanikalisha juu yake, akaniambia: "Wewe ni macho yangu. Ukinificha, nitajua." Mjomba alikuwepo pia, amekuja na kofia yake mkononi, mapema kidogo kwa maoni yangu.

Tulipanda ule mlima kwa gia ya chini, taratibu, injini ikinung'unika kwa adabu. Kaberebere tukauza, tukanunua dumu jipya la mafuta, tukarudi. Mama akaligeuza lile dumu huku na huku akitafuta pa kulaumu. Halafu akamwambia mjomba, "Kunywa chai, ndugu yangu, kisha uende kazini."

Mjomba alikunywa chai yote bila kuiondolea macho ile pikipiki. Alipoondoka, Baba akanirushia ufunguo.

"Zunguka mpaka kwenye bomba la maji, urudi."

Nikapanda kwa maringo, majirani wakiangalia. Nikajisukuma kwa miguu mpaka njiani, nikakanyaga gia ya kwanza kama nilivyozoea. Hakuna kitu. Nikakanyaga kwa nguvu. Injini ikalia kama mbuzi na mimi nikabaki palepale katikati ya njia, mbele ya binti wa jirani, mshindani wangu darasani, ambaye sikutaka anione hivyo kamwe.

Baba alikuja kwa miguu, mikono nyuma, bila haraka. Alingoja mpaka majirani wamalize kucheka. Hakutangaza chochote, ingawa nilistahili.

"Muguu wako ni wa hapa," akasema, akachuchumaa kando ya pikipiki, akashika kiatu changu cha kushoto kwa mikono miwili na kuingiza vidole vyangu chini ya kikanyagio. "Kwetu tunainuaka hivi. Polepole. Usiangalie chini."

Nikainua. Ikaingia.

"Tena," akasema.