Neno Nililolikisia

Siku moja naikumbuka kama ya jana, mwanangu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei, mkalimani wa wazungu waliokuja kutafuta mafuta katika nyika kavu nyuma ya Kinango. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, ila kifua nilikitanguliza mbele.

Siku hizo hatukujua mafuta hutafutwaje. Tuliona tu watu wakifyeka njia iliyonyooka, wakichimba vishimo na kuchomeka bendera nyekundu. Basi mkuu wa kambi akaniita niwatangazie wanakijiji jambo la kesho yake. Akatamka neno nisilolijua, akarusha mikono juu, akafanya kwa mdomo, “Bum, bum.” Nikaona haya kuuliza. Nikaenda kijijini nikasema, “Kesho asubuhi wageni wanataka ngoma, pale penye bendera.”

Walikuja wote, mwanangu, na ngoma, na kayamba, na mbuzi wao. Mbele yao Bibi Nyamvula, mkongwe aliyeongoza wachezaji. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, kisha akazitazama nyaya zilizotoka vishimoni.

“Mjukuu wangu, uliyotuambia uliyaelewa, au ulikisia?”

“Nilikisia, bibi.”

“Basi nenda ukaulize. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.”

Nikakimbia. Mkuu wa kambi naye alikuwa akija mbio, uso umemsawijika. Nikamwuliza, akanionyesha sanduku: baruti. Alikuwa ametaka niwaambie watu wakae mbali. Wangeilipua chini ili wasikie ardhi inavyoitikia, wajue mafuta yamelala wapi. Nami nilikuwa nimewaleta watu wangu juu yake.

Niliwarudia nikawaambia kweli, machozi yakinilenga. Hakuna aliyenitukana. Tukasogea sote hadi nyuma ya kilima. Ardhi ikaguruma, mbuzi wakatimka, na Bibi Nyamvula akasema, “Haya, wao wamekwisha piga yao. Sasa tupige yetu.” Tukacheza mpaka adhuhuri, wazungu nao wakirukaruka kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Sijapata kucheka vile tena.

Mafuta hayakuonekana, wakakunja mahema wakenda zao. Mimi nilibaki na kazi ya ukalimani miaka mingi, na kila nilipokwama nilisema, “Hilo silijui, nieleze.” Hakuna aliyenidharau kwa hilo.

Wewe sasa una elimu kunishinda, na watu watakuamini kabla hujafungua kinywa. Hapo ndipo uwe mwangalifu zaidi. Mficha uchi hazai, mwanangu. Usilolijua liulize, hata kama umati unakutazama. Mwenyezi Mungu akujaalie ulimi wa kweli, na watu wa kukusahihisha kwa upole. Amina.